Mizani na mshahara: uchambuzi wa kisa cha mwendesha baiskeli mmoja wa Italia

Kabla ya kisa chenyewe

Kisa hiki nimekuwa nikikitumia ninapokaa na makocha na viongozi wa vyama vya michezo, hasa wale wanaolea wasichana wa mbio ndefu, ziwe za miguu au za baiskeli. Ni kisa cha kweli. Jina la mhusika, majina ya timu zake na ya mbio alizoshinda nimeyatoa, na mambo madogo ya maisha yake nimeyafifisha. Aliye karibu na mchezo huu huenda akamjua. Sina ugomvi naye, ila namwomba asihangaike na jina. Kanuni, sheria, viwango vya malipo na tarehe zake nimeviacha kama vilivyo, maana humo ndimo kisa kilimozaliwa. Mhusika nitamwita K.

Jambo moja la lugha kwanza. Watangazaji wa Kenya wana neno lao zuri, pufya. Tanzania tunasema dawa za kuongeza nguvu. Kwa kisa cha K. maneno yote mawili yanampeleka msomaji pembeni kidogo, kwa sababu dawa aliyokutwa nayo haikuwa ya kumfanya akanyage pedali kwa nguvu zaidi. Ilikuwa dawa ya kupunguza unene.

Usuli

Waliokuwa Kigali Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza, wanaijua tayari sura ya mchezo huu. Kundi kuu linasogea limebanana, wasaidizi wanakata upepo mbele ya kiongozi wao, kisha kilima kama kile cha mawe cha Kimihurura kinaanza kutenga mchele na chuya. Anayebaki mbele baada ya kilima cha mwisho ana njia mbili: aondoke peke yake, au angoje mita 200 za mwisho afyatuke.

K. alilelewa na klabu za Italia, nchi ambako mtoto anaweza kuanza kushindana Jumapili baada ya Jumapili akiwa bado shule ya msingi, na ambako mbio za hatua nyingi za wanawake, Giro, zipo tangu 1988. Alikuwa wa aina ya pili ya hao niliowataja: mwenye mwendo wa kumalizia, lakini mwenye uvumilivu wa kutosha kuvuka vilima vifupi ambavyo huwaacha wafyatukaji wa kawaida wakihema. Aina hii ni adimu na ni ya thamani. Pia ni aina ambayo mwili wake haufanani na picha ya mwendesha baiskeli iliyomo vichwani mwa watu. Mapaja ni mapaja kweli. Akisimama kwenye mizani pembeni ya mpanda milima wa kilo 50, mtu asiyejua mchezo atasema huyu amezembea.

Kitu cha pili cha kukijua ni sheria. Mwanamke wa Italia aliyekuwa akiendesha baiskeli kama kazi yake ya kila siku hakuwa mwanamichezo wa kulipwa machoni pa nchi yake. Sheria namba 91 ya mwaka 1981 iliyaachia mashirikisho ya michezo yaamue nani ni wa kulipwa na nani ni wa ridhaa, na kwa miaka 40 hakuna shirikisho lililowapandisha wanawake. Waliotangulia kuvuka ni wanasoka, Julai 2022. Kwa hiyo K. angeweza kulala hoteli moja na wenzake wa kiume, kupanda mlima uleule na kuvaa nembo ya mdhamini yuleyule, wao wakawa waajiriwa na yeye akahesabiwa kuwa mtu anayejifurahisha. Hilo liligusa akiba ya uzeeni, bima na likizo ya uzazi.

Njia ya kupenyea ilikuwa moja: magwanda. Askari magereza wa Italia wana kikundi chao cha michezo, Fiamme Azzurre. Polisi wana Fiamme Oro, na askari wa fedha na forodha wana Fiamme Gialle. Mwanamichezo huajiriwa na serikali, hulipwa mshahara wa askari, na kazi yake ni kufanya mazoezi na kushindana. Kwa waendesha baiskeli kuna ruhusa ya kushindana wakiwa na timu ya kibiashara huku jina likiwa bado kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Msomaji wa kwetu hatashangaa. Tunawajua JKT Queens, tunaijua Tanzania Prisons ya Mbeya, na nusu ya wanariadha tunaowashangilia kutoka Kenya wana cheo cha polisi, magereza au jeshi. Mkumbuke huyu askari, atarudi.

Mlolongo wa matukio

Akiwa na miaka 20 K. alitwaa ubingwa wa dunia. Alichomoka karibu na mwisho wakati vigogo wa nyuma wakitazamana nani atoe jasho la kumfukuza. Hesabu yao ikachelewa, naye akavuka mstari peke yake kwa tofauti ya sekunde chache. Bingwa wa dunia huvaa jezi nyeupe yenye mistari mitano ya rangi kwa mwaka mzima, kila anakokwenda. Ni heshima, na ni shabaha pia: kila mtu barabarani anajua wa kumwinda ni nani.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa Olimpiki, na njia ya mbio za wanawake ilikuwa na mlima mrefu wa kupandwa zaidi ya mara moja. Kwa mtu wa aina ya K. hiyo ni habari mbaya. Likaanza suala la uzito.

Wiki kadhaa kabla ya Olimpiki alishiriki mashindano ya bara ya vijana chini ya miaka 23. Alikuwa bado na sifa za umri, ingawa tayari alikuwa bingwa wa wakubwa. Baada ya mbio aliitwa kupimwa. Kwa asiyewahi kuona, mambo huenda hivi. Ukishamaliza, mtu mwenye kitambulisho anakufuata na haachani nawe, hata ukienda kuchukua koti. Unapelekwa chumbani, unachagua mwenyewe chombo kati ya vilivyofungwa, unakojoa mbele ya ofisa wa jinsia yako, na mkojo usipofika mililita 90 unakaa pale unakunywa maji mpaka ufike. Unaumimina mwenyewe kwenye chupa mbili, A na B, unafunga vifuniko mpaka vinalia, kisha unajaza fomu. Katika fomu hiyo kuna sehemu ya kuandika dawa na virutubisho vyote ulivyotumia siku 7 zilizopita. Nafasi yenyewe ni ndogo, mistari michache tu, na mkono wa mtu aliyetoka kuendesha zaidi ya kilomita 100 hauna hamu ya kuandika.

Majibu yalionyesha kichangamshi cha jamii ya fenfluramine. Hii ilikuwa dawa maarufu ya kukata hamu ya kula mpaka ilipoondolewa sokoni Marekani mwaka 1997, baada ya kuhusishwa na uharibifu wa vali za moyo. K. alieleza kwamba ilimwingia kwa njia ya dawa ya kupunguza uzito. Akaondolewa katika timu ya Olimpiki. Alikuwa na miaka 21.

Mamlaka za nyumbani zilimpa adhabu ya kufungiwa mwaka 1. Rufaa ikapelekwa Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliyoko Lausanne, na mwaka 1 ukawa miaka 2.

Alirudi barabarani akiwa na miaka 23, na miaka iliyofuata haina mengi ya kusimulia. Nafasi za kumi na ngapi, ushindi wa hapa na pale katika mbio zisizo na kamera, timu ndogo. Akiwa na miaka 27 alijifungua mtoto wa kike. Watu wengi katika mchezo walidhani basi. Akarudi.

Akikaribia miaka 31 alishinda moja ya mbio kubwa za siku moja za Ubelgiji wakati wa masika, na kiangazi hichohicho akawa bingwa wa Ulaya. Mwaka uliofuata alishinda mbio kongwe kuliko nyingi za huko, za vilima vya mawe na umati wa watu wenye bendera, halafu akawa bingwa wa taifa. Mwaka huohuo timu yake ikatangaza kwamba inafungwa, fedha zimekwisha. Alihamia timu nyingine, akaendelea kushinda mbio za mawe na upepo, na akaweka baiskeli chini akiwa na miaka 36.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza ni wa kutumia dawa ya kupunguza unene. Huwa nawauliza makocha: ulikuwa uamuzi wa nani? Wengi husema wa daktari, wachache husema wa binti. Nadhani swali lenyewe linakosea. Kabla ya kidonge kulikuwa na uamuzi mwingine ambao hakuna aliyeuandika popote, kwamba tatizo la K. mbele ya ule mlima ni kilo. Uamuzi huo ukishapita, kinachobaki ni kutafuta chombo cha kuzipunguza haraka, na kalenda ya Olimpiki haimngojei mtu ale mboga kwa miezi minane.

Uamuzi wa pili ni wa wenye mamlaka. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizi michezoni, zilizokuwa zikitumika wakati ule ziliweka miaka 2 kwa kosa la kwanza. Mwanamichezo akionyesha kwamba uzembe wake haukuwa mkubwa, adhabu ingeweza kupunguzwa, lakini isishuke chini ya nusu. Mwaka 1 aliopewa nyumbani ulikuwa hiyo nusu kamili, yaani huruma yote iliyoruhusiwa. Lausanne hawakuikubali. Mantiki yao katika mashauri ya namna hii inajulikana: kilichomo mwilini mwako ni chako, na bingwa wa dunia anayemeza dawa ya kupunguza uzito bila kuihakiki hawezi kujitetea kama mtoto.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa K. mwenyewe: kutoacha. Sipendi kuupamba. Msichana wa miaka 21 mwenye ubingwa wa dunia na doa la dawa ana milango michache nje ya mchezo, na mchezo ndio kitu pekee alichokijua tangu utotoni. Kurudi kunaweza kuwa ushujaa, na kunaweza kuwa tu kukosa pengine pa kwenda. Kwa nje vyote viwili vinafanana.

Wa nne ni wa kuzaa akiwa katikati ya umri wa mashindano. Hapa ndipo yule askari anaporudi. Timu za baiskeli za wanawake wakati ule hazikuwa na wajibu wowote kwa mwendeshaji aliyepata mimba. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na mimba ilimaanisha mkataba haurudiwi. Lakini mtumishi wa serikali ya Italia ana likizo ya uzazi ya lazima ya miezi 5, iliyo kisheria tangu zamani, na kiti chake hakikaliwi na mtu. K. alikuwa mtumishi. Hakulazimika kuchagua kati ya mtoto na kodi ya nyumba.

Wa tano unasomeka kwenye kalenda yake baada ya uzazi kuliko kwenye maneno yake. Aliegemea zaidi mbio za siku moja za Ubelgiji na Uholanzi, zenye vilima vya dakika moja au mbili, mawe, upepo wa pembeni, na mwisho wa tambarare. Milima mirefu akawaachia wenyewe.

Matokeo

Kwa ushindi tu, nusu ya pili ya maisha yake ya mbio inaizidi ya kwanza kwa mbali, ingawa ya kwanza ndiyo iliyokuwa na jezi ya dunia. Miaka karibu 10 kati ya kilele cha kwanza na cha pili ilipotea au karibu kupotea. Doa halikufutika. Kila aliposhinda, magazeti yaliweka aya moja ya kukumbusha.

Uchambuzi

Nianze na mizani, kwa sababu hapo ndipo kosa lilipoanzia na ndipo wasomaji wengi hupita haraka wakikimbilia dawa.

Tuchukue mfano wa mwendeshaji wa kilo 62, na baiskeli, viatu na maji kilo 10. Jumla 72. Apunguze kilo 2 bila kupoteza chembe ya nguvu, jambo gumu lakini tumkubalie. Amepunguza chini kidogo ya asilimia 3 ya mzigo. Kwenye mlima wa dakika 15, mwendo wa kupanda ukiwa karibu wote ni vita na uzito, atavuna sekunde 20 hivi. Sekunde 20 mlimani ni nyingi, zinaweza kukutoa nafasi ya 15 hadi ya 8. Sasa mpeleke kwenye kilima cha mawe cha dakika 2. Atavuna sekunde 3. Na kwenye mita 200 za mwisho, ambako mwanamke wa aina yake hutoa wati 1,000 na zaidi kwa sekunde chache, hatavuna kitu. Ikiwa katika zile kilo 2 mna nusu kilo ya misuli, amepoteza silaha aliyoingia nayo vitani.

Kwa hiyo hata kama kile kidonge kingekuwa halali, hata kama kingeuzwa dukani pembeni ya aspirini, ushauri ulikuwa mbovu kimichezo. Ulichukua mtu bora duniani katika kazi moja ukamfanya mtu wa wastani katika kazi nyingine kwa ajili ya njia moja ya siku moja. Ningeelewa kama shirikisho lingesema mlima huu si wake, tumpeleke mwingine, au tumtumie kama msaidizi wa kukata upepo kabla ya mlima. Huo ni uteuzi wa timu wa kawaida, na haumuumizi mtu mwili.

Kwa mwanamke kuna na upande wa afya, ambao enzi za K. ulijulikana nusu nusu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuja kuupa jina pana mwaka 2014: upungufu wa nishati kwa wanamichezo. Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa mazoezi unayoyafanya huanza kuzima mitambo. Hedhi inakatika, mifupa inapungua ugumu, kinga inashuka, na mwishowe nguvu yenyewe iliyotafutwa nayo inaondoka. Kocha wa mbio ndefu wa kwetu anayefurahi binti yake anapokosa siku zake miezi mitatu, akidhani ni dalili ya kuiva, asome sentensi iliyotangulia tena. Nimewahi kukaa meza moja na kocha wa namna hiyo, na hakuwa mtu mbaya.

Sasa dawa. Kuna kundi la watu katika kila darasa wanaomwonea K. huruma na kusema kanuni ni katili. Mimi nipo upande wa kanuni, kwa shingo upande. Kama mwanamichezo angeweza kujitetea kwa kusema sikujua, hakuna ambaye angejua. Kila kidonge kingekuwa kimetoka kwa mtu mwingine. Kilichoshindikana hapa ni hatua moja ya kabla, ndogo na ya kuchosha: mtu mmoja katika timu, mwenye jina na namba ya simu, ambaye kazi yake ni kusoma kila karatasi ya dawa kabla haijafika mdomoni, na ambaye binti wa miaka 21 anaweza kumpigia saa nne usiku bila kuogopa kuonekana mjinga. Dawa za kupunguza unene zina hatari ya ziada, kwa sababu mtumiaji haziweki kichwani katika fungu la dawa. Anaziweka katika fungu la urembo, pamoja na chai za kusafisha tumbo na unga wa mitishamba. Ukimwuliza "unatumia dawa yoyote?" atakujibu hapana, na atakuwa anasema kweli kwa kadiri anavyojua. Muulize "unameza nini kwa siku, kuanzia asubuhi?" Majibu yatakuwa mengine kabisa.

Juu ya mwaka 1 dhidi ya miaka 2 nina machache. Mwendeshaji wa mwendo wa kumalizia hapotezi uwezo wake mkuu kati ya miaka 21 na 23. Anachopoteza ni nafasi katika foleni ya timu, na foleni hiyo ingempita hata kwa mwaka 1.

Mshahara ndio ulionifanya nikichague kisa hiki. Simulizi ya kurudi kwa K. huandikwa kama habari ya moyo wa chuma na upendo wa mama. Moyo alikuwa nao, sibishi. Lakini hesabu yake ni rahisi zaidi: kuanzia siku aliporudi baada ya kufungiwa hadi siku aliposhinda tena mbio kubwa ni miaka karibu 8. Hakuna timu ya kibiashara duniani inayomlipa mtu miaka 8 ikimngojea. Mtu anayengoja hivyo lazima awe na chakula kinachotoka mahali ambako matokeo ya Jumapili hayaulizwi. Kwa K. mahali hapo palikuwa orodha ya mishahara ya serikali. Timu yake ilipofungwa katika mwaka bora kuliko yote, wenzake walikuwa wakihangaikia kodi, yeye alikuwa akihangaikia timu tu.

Na bado sitaki mtu atoke hapa akisema basi tuige magwanda ya Italia. Nafasi katika vikundi vile hugombewa, na kinachopimwa ni vyeo na medali. Anayeingia ni yule ambaye tayari ameshinda. K. alikuwa na ubingwa wa dunia. Msaidizi aliyemkatia upepo siku ile, ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya washindi popote, hana cha kuweka mezani. Kama naye angetaka mtoto akiwa na miaka 27, mchezo ungekuwa umekwisha kwake. Mfumo ulimwokoa bingwa aliyeanguka, na hilo ni jema, lakini ulimwokoa kwa sababu ya ubingwa.

Mambo yamesogea tangu wakati ule. Mwaka 2018 Italia ilianza kuwapa wanamichezo wajawazito wasio na ajira ya magwanda euro 1,000 kwa mwezi kwa miezi isiyozidi 10. Mwaka 2020 shirikisho la baiskeli duniani, UCI, likaweka kima cha chini cha mshahara kwa timu za daraja la juu la wanawake: euro 15,000 kwa mwaka, kikapanda hadi 27,500 mwaka 2022. Likizo ya uzazi ikaingia katika mikataba: miezi 3 kwa mshahara kamili, kisha miezi 5 kwa nusu. Kwa timu za daraja la chini kabisa hali ni ileile ya zamani au karibu nayo, na huko ndiko wengi waliko.

Niimalizie ile siku ya mbio kongwe za Ubelgiji, maana inaeleza uchaguzi wake wa kalenda kuliko takwimu zangu. Walibaki watatu mbele. Wawili wenzake walikuwa wepesi kuliko yeye vilimani, na mmoja wao alikuwa miongoni mwa wapandaji bora wa kizazi chake. Kwenye kilima cha mwisho kazi ya K. ilikuwa moja tu: asiachwe. Kile kilima ni kikali, lakini ni kifupi. Ule uzito uliowahi kuitwa tatizo ulimgharimu sekunde zinazozibika. Kisha kutoka hapo hadi utepe ni tambarare ya kilomita kama 13, na anayekaa nyuma ya wenzake katika upepo ule anaweka akiba ya robo ya nguvu au zaidi. Wale wawili walijua wakifika naye wamekwisha. Walijua pia kwamba wakipunguza mwendo kundi la nyuma litawafikia. Wakaendelea kukanyaga. Mita 200 zilipofika, mapaja yaliyotakiwa kupunguzwa miaka 11 kabla yakafanya kazi yake.

Limebaki jambo la tarehe. Kanuni za WADA zilibadilika mwaka 2015. Kwa kichangamshi cha aina ile, hesabu sasa huanzia miaka 4, na hushuka hadi 2 mwanamichezo akithibitisha kwamba hakukusudia. K. wa leo angeweza kurudi akiwa na miaka 25. Na ile sheria ya Italia iliyomhesabu mtu wa ridhaa imebadilishwa: amri namba 36 ya mwaka 2021 inamtambua mfanyakazi wa michezo awe mwanamume au mwanamke, na sehemu yake ya ajira ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2023. K. alikimbia mbio zake za mwisho mwezi huohuo.